Somo la Redio: Albamu ni Kitu Gani?

Ndugu zetu wa kikundi cha Puge, somo la leo limetokana na barua yenu. Nanyi mnaosikiliza Nzega, Ndala na Tabora mjini mtatuwia radhi mkiona tunazungumza zaidi na watu wa Puge, lakini jambo lenyewe nadhani ni la wote.

Barua yaeleza hivi. Vijana wa Puge wana bendi: magitaa mawili, gitaa la besi, drams, tarumbeta moja na saksafoni ya kuazima. Mwaka huu wameuza mpunga, wakachanga, na sasa wanataka kwenda studio kutoa albamu. Mwenye studio mmoja amewaambia walete nyimbo kumi, yeye atazitengeneza, na habari za karatasi na sahihi zitafuata baadaye. Wanatuuliza mambo mawili. Kwanza, albamu ni kitu gani hasa, maana wengine husema ni kaseti, wengine husema ni nyimbo nyingi katika simu. Pili, je, yafaa fedha ya mpunga iende huko?

Hilo la pili wataamua wenyewe. Mimi sikulima mpunga ule. Lakini la kwanza tukilielewa vizuri, la pili halitakuwa gumu sana.

Tuanze na jina. Neno albamu ni lile lile la daftari la kubandikia picha. Zamani sahani ya santuri ilikuwa kitu kizito, cheusi, chenye kuvunjika upesi, kilichozunguka mara 78 kwa dakika moja, na upande wake mmoja ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Mtu aliyetaka kuuza muziki mrefu ilimpasa auze sahani nyingi pamoja, nazo zilitiwa katika jalada lenye mifuko, linalofunguka kama kitabu. Jalada hilo ndilo lililoitwa albamu. Mwaka 1948 huko Marekani ikatokea sahani kubwa, nyepesi, ya mizunguko 33 kwa dakika, ambayo upande wake mmoja uliweza kuchukua dakika 20 na zaidi. Mifuko haikuwa na kazi tena, ila jina likabaki.

Basi tangu mwanzo albamu haikuwa nyimbo nyingi tu. Ilikuwa nyimbo zilizowekwa pamoja kwa makusudi, chini ya jalada moja, jina moja na mwaka mmoja, na kwa mpango ambao mtu aliufikiri: wimbo upi utangulie, upi ufuate, upi ufunge. Jalada lilitaja nani aliimba, nani alitunga, na wapi ilirekodiwa. Nyimbo kumi zilizotupwa katika simu bila mpango wala majina ni kama matofali kumi yaliyomwagwa njiani: hakuna mtu atakayesema hiyo ni nyumba.

Sasa tutazame kwetu. Mkoa huu haukuanza muziki jana. Wazee wetu Wanyamwezi walipobeba pembe na nguo kati ya Unyanyembe na pwani, msafara uliongozwa na kirangozi, mwenye bendera mbele, na ngoma, pembe na nyimbo zilipima mwendo. Njia ile haikuishia Tabora. Ilikwenda Ujiji, ikavuka ziwa, ikafika Manyema katika nchi ya Kongo. Naomba mlikumbuke jina hilo la Manyema, kwa sababu tutalirudia. Reli ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli na askari wa vita vya 1914 hata 1918 ikapanda bara ngoma ya beni, ambayo wachezaji wake waliiga bendi za kijeshi, kwa mavazi, vyeo na matarumbeta. Kwa hiyo vijana wa Puge mnapopuliza tarumbeta leo, msidhani mmeokota chombo kigeni. Kimekuwa katika nchi hii zaidi ya miaka mia.

Baadaye zikaja sahani za Kyuba. Tangu mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ilileta Afrika mfululizo wa sahani zenye herufi G.V., nazo zikapigwa katika mahoteli na nyumba za watu kutoka pwani mpaka bara. Vijana wakasikia rumba wakaona haiwi mbali na ngoma zao. Katika miaka ya 1950, 1960 na 1970 mji wa Tabora ukawa na bendi zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Tabora Jazz, na Nyanyembe Jazz. Ninyi wazee mnaonisikiliza hamhitaji kuelezwa. Wimbo wa «Rangi ya Chungwa» ulikuwa wa Nyanyembe Jazz. Wimbo wa «Dada Asha» ulikuwa wa Tabora Jazz, na mtunzi wake Shem Karenga alitoka Kigoma, katika bendi ya Lake Tanganyika Jazz, akaja Tabora kwa njia ile ile ya misafara, ingawa yeye hakubeba pembe.

Hapa ndipo pana jambo la kutia akilini. Nyimbo hizo karibu kila mtu mzima wa mkoa huu anazijua. Lakini mwulizeni mtu awaonyeshe albamu zilizotolewa Tabora zamani zile, zenye jalada, mwaka na majina ya wapigaji wote. Atakuna kichwa.

Sababu yake si uvivu wa wapigaji. Njia kuu za kurekodi zilikuwa mbili. Njia ya kwanza ilikuwa redio. Bendi ilipanda treni kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 800, ikaingia studio ya redio, wapigaji wakasimama wote katika chumba kimoja mbele ya vipaza sauti vichache, wakapiga wimbo tangu mwanzo hata mwisho. Mmoja akikosea, wote hurudia. Redio ilirekodi ili itangaze, haikurekodi ili iuze. Utepe ulibaki katika rafu za kituo, na wimbo ukasikika Bukoba na Mtwara siku moja, jambo ambalo hakuna sahani ingeliweza kulifanya. Tusiidharau kazi hiyo. Bila redio leo tusingekuwa na sauti nyingi za bendi zile. Lakini wimbo wa redio hauna jalada, wala mtu hawezi kwenda dukani kuununua.

Njia ya pili ilikuwa Nairobi. Huko kulikuwa na viwanda vya kubonyeza sahani tangu miaka ya 1950, hali huku kwetu hakukuwa na kiwanda cha namna hiyo kilichofanya kazi. Bendi iliyotaka sahani ilisafiri mpaka Kenya, ikarekodi, na mara nyingi ikatoka na sahani ndogo ya mizunguko 45, yenye wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili. Mnajua jinsi wimbo wa dansi ulivyo: huanza polepole kwa maneno, halafu huja chemko, magitaa yakakimbia na tarumbeta zikalia na watu wakainuka vitini. Katika sahani ndogo maneno yalikaa upande wa kwanza na chemko upande wa pili, na katikati msikilizaji aliinuka akageuza sahani. Halafu mwezi wa Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Miaka karibu saba! Bendi nyingi nzuri zilipiga muziki wao bora katika miaka hiyo, na mlango wa sahani umefungwa.

Sasa nawaomba twende mbali kidogo, tuone wenzetu walio na vyombo kama vya vijana wa Puge walivyofanya. Katika kisiwa cha Jamaika, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati ule ule tulipokuwa tukipata uhuru, watu walipenda muziki ulioitwa ska. Wapulizaji wake kadhaa walio hodari, kama Don Drummond na Tommy McCook wa bendi ya Skatalites, walifundishwa katika shule ya Alpha ya mjini Kingston, shule ya watawa wa Kikatoliki iliyolea watoto maskini na kuwafundisha tarumbeta. Mnaona? Kule shule, huku jeshi, lakini tarumbeta ni ile ile, na vijana waliitoa katika gwaride wakaipeleka dansini.

Ska hutambulikana kwa gitaa. Hesabuni nami: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na. Mguu hukanyaga katika hesabu, lakini gitaa la ska hukata katika «na», fupi na kavu kama mtu apigaye makofi kwa kuchelewa. Mpigaji wa gitaa la rithim wa Puge ajaribu leo jioni. Ataona mkono unataka kurudi kwenye hesabu, naye auzuie.

Baadaye vijana wa Uingereza, na kisha wa Marekani, waliichanganya ska na muziki wao wa punk, muziki wa makelele na haraka, uliopigwa na watu wasio na fedha wala mafunzo mengi. Bendi moja ya namna hiyo iliitwa Operation Ivy, ya mji wa Berkeley katika jimbo la California. Ilianzishwa mwaka 1987, ikavunjika mwaka 1989, nayo ilitoa albamu moja tu ya studio, iliyoitwa «Energy», maana yake nguvu. Ina nyimbo 19, fupi fupi. Siwaambii muupende muziki huo. Mimi mwenyewe huuona kama mtu anayekimbia huku akigombana. Lakini kuna mambo mawili ndani yake ya kutufaa.

La kwanza, walijaribu kurekodi katika ukumbi ule ule waliozoea kupigia dansi, wakaona matokeo hayafai, wakaacha, wakaanza upya katika studio ya mji wa jirani, San Francisco. Ukumbi una mwangwi wake. Sauti ya ngoma hugonga ukuta ikarudi ikaingia katika kipaza sauti cha mwimbaji, na maneno yakazama. Mcheza dansi halioni kosa hilo, kwa kuwa anaona midomo ya mwimbaji na mwili wake umo katika muziki. Msikilizaji wa nyumbani hana macho. Ana masikio tu.

La pili ni kubwa zaidi. Bendi ile ilikufa mwaka ule ule albamu ilipotoka. Wapigaji walitawanyika. Lakini albamu haikufa. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1989 huinunua, huijua kwa jina lake, na hujua nani alipiga nini. Bendi iliishi miaka miwili na kazi yake inaishi zaidi ya thelathini, kwa sababu iliwekwa pamoja ikapewa jalada.

Mwaka huo huo wa 1989 ilitoka albamu nyingine, na hii ni ya kwetu. Sasa likumbukeni lile jina la Manyema. Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 Kindu, katika nchi hiyo ya Manyema, kule njia ya misafara ilikoingia ndani kabisa ya Kongo. Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga katika Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Mtu wa upande mmoja wa njia akaja kufanya kazi upande wa pili. Watu walimwita Dokta, naye akajiita mwenyewe sura mbaya, akaimba habari za maskini, kifo, ndoa na fedha kwa Kiswahili kilichoeleweka na kila mtu wa Manzese na Sinza. Mpaka leo kule Sinza kuna mahali panapoitwa kwa Remmy.

Nyimbo za Super Matimila zilisikika redioni kama za bendi nyingine zote. Lakini kanda zao zilifika Uingereza mikononi mwa watu waliotayarisha tamasha liitwalo WOMAD, na mwaka 1988 bendi ikaalikwa kupiga Ulaya. Mwaka 1989 ikatoka albamu yao «Songs for the Poor Man», yaani nyimbo kwa ajili ya maskini, iliyorekodiwa katika studio ya Real World, katika kijiji cha Box huko Uingereza. Studio hiyo aliijenga mwanamuziki Peter Gabriel mahali palipokuwa kinu cha zamani cha kusaga kwa nguvu ya maji. Nafurahi kuwaambia watu wa Puge kwamba kilikuwa kijiji, wala si London.

Niwaeleze studio ya namna hiyo inatofautianaje na ile ya kusimama wote mbele ya vipaza sauti vichache. Fikirini mama anayepika kwa wageni. Akitia mchicha, maharage na nyama katika chungu kimoja, chumvi ikizidi imezidi kote. Lakini akipika kila kitoweo katika chungu chake, anaweza kuonja hiki, kuongeza maji katika kile, kisha akapakua katika sinia kwa kadiri anayotaka. Studio kubwa za miaka ile zilikuwa na mashine yenye utepe mpana, uliogawanywa njia 24 zilizokwenda sambamba. Gitaa la solo lina njia yake, besi njia yake, tumba njia yake, mwimbaji njia yake. Mpigaji akikosea, hurudia sehemu yake peke yake, bila kuwachosha wenzake. Mwisho fundi huketi akachanganya, akipandisha hiki na kushusha kile. Siku hizi kompyuta moja ya mezani huifanya kazi hiyo, hata Nzega, hata Tabora, na njia si 24 tu, ni nyingi kadiri upendavyo.

Lakini jihadharini. Vyungu vingi havimfanyi mtu mpishi. Ninavyosikia mimi, jambo zuri katika albamu ile ya Remmy ni kwamba magitaa yake matatu yanajibizana kama watu watatu waliokaa barazani, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na hakuna mashine iliyowafundisha hayo. Waliyajua kwa sababu walikuwa wamepiga pamoja usiku kwa usiku katika mabaa ya Dar es Salaam. Studio iliwapa usafi. Mazungumzo walikuja nayo.

Angalieni pia mpangilio. Albamu ina nyimbo kama «Nasikitika», «Karola», «Kipenda Roho» na «Muziki Asili Yake Wapi». Hizi si nyimbo 19 za mbio kama za wale vijana wa California. Ni chache, nazo zimepewa urefu wake, chemko halikukatwa ligeuziwe upande wa pili. Huzuni, mapenzi na swali la asili ya muziki vimekaa chini ya jina moja, nyimbo kwa ajili ya maskini, na jina hilo humwambia msikilizaji azisikilize vipi zote. Mwaka 1992 walitoa nyingine huko huko, iliyoitwa «Mambo», yenye nyimbo kadhaa za Kiingereza. Mimi naipenda ile ya kwanza zaidi. Remmy akiimba Kiswahili haombi ruhusa kwa mtu.

Tena kuna faida nyingine. Remmy alitunga wimbo wa kuwahimiza watu watumie mipira ya kujikinga na ukimwi, ulioitwa «Mambo kwa Soksi». Redio ya taifa ilikataa kuupiga. Watu waliusikia hata hivyo, dansini na katika kaseti. Mtunzi ambaye wimbo wake upo katika rafu ya mtu mwingine hana la kufanya rafu ikifungwa. Mwenye nakala yake mkononi ana njia ya pili.

Remmy alifariki Desemba 2010. Albamu zile mbili bado zinapatikana, kwa majina yake na mwaka wake.

Sasa turudi Puge, tuzungumze habari ya karatasi ambayo yule mwenye studio alisema itafuata baadaye. Hapa, ndugu zangu, nasema kwa nguvu zaidi kuliko penginepo. Karatasi isifuate. Itangulie.

Wimbo una wenyewe wa namna mbalimbali. Yupo aliyetunga maneno na sauti: huyo ana hakimiliki. Wapo walioimba na kupiga siku ile ya kurekodi: hao wana haki iliyo jirani na ile, nayo sheria yetu huiita hakishiriki. Yupo naye aliyegharimia na kutengeneza ile rekodi yenyewe, ambayo vijana huiita masta. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inazitambua haki hizi, na ndiyo iliyoanzisha COSOTA, chombo ambacho msanii huandikisha kazi yake kwacho. Hakimiliki huzaliwa pale pale wimbo unapotungwa na kuwekwa, haingojei muhuri. Lakini siku ya ugomvi mtu ataulizwa ushahidi, na aliyeandikisha anao.

Kwa hiyo kabla hamjapanda basi, kaeni mwandike katika daftari: wimbo huu alitunga nani, na kama walitunga wawili, kila mmoja ana fungu gani. Mwandikeni na yule wa saksafoni ya kuazima, hata kama yeye si mwanachama. Najua aibu iliyopo. Ninyi ni ndugu, mmekua pamoja, na kuandikiana huonekana kama kushukiana. Lakini fikirini miaka ishirini mbele. Mmoja amehamia Mwanza, mmoja amefariki, na mtu wa mjini anataka kuutumia wimbo wenu katika tangazo la sabuni. Atamtafuta nani? Na mjane wa yule aliyefariki atashika nini mkononi?

Na kwa yule mwenye studio, mwulizeni kabla hajawasha mashine. Fedha tunazokulipa ni za kununua masta, au ni za kukodi saa zako tu? Tutaondoka na nakala kamili, pamoja na zile njia za kila chombo peke yake, au tutaondoka na wimbo uliokwisha changanywa? Utaruhusiwa kuuza bila sisi? Mtu mwema hatakasirika kwa maswali haya. Akikasirika, mmekwisha kupata jibu, na nauli ya basi ndiyo hasara yenu yote. Ipo kwaya moja ya wilaya hii, sitaitaja, iliyorekodi vizuri kabisa, ikaondoka na nakala moja tu iliyochanganywa, katika simu ya mweka hazina. Simu ikaibwa katika gulio. Waliporudi studio waliambiwa kompyuta imeharibika. Sauti zao zipo sasa katika simu za watu wengine, bila jina la kwaya, bila jina la mtunzi.

Je, ziwe nyimbo kumi? Kwa maoni yangu, la. Bendi changa yenye nyimbo nne ilizopiga mpaka zikaingia katika damu itapata kitu bora kwa fedha nusu. Zirekodini hizo nne, wekeni nakala mahali patatu mbalimbali, na sehemu ya fedha ibaki kwa mbegu. Nyimbo sita zilizobaki zipigeni harusini msimu mzima. Watu wa Puge wenyewe watawaambia zipi zinafaa, kwa kuinuka au kwa kuendelea kukaa. Zikitimia mtakuwa na albamu, nayo itakuwa na mpango, maana mtajua wimbo upi huwainua watu na upi huwatuliza.

Viongozi wa vikundi, muda wetu unakwisha. Nawaachia maswali ya kuzungumza wiki hii, nanyi mtatuandikia majibu kama kawaida.

Katika kikundi chenu, nani bado ana sahani, kaseti au kanda ya bendi ya Tabora ya zamani? Someni yaliyoandikwa juu yake, kama yapo, mtuambie majina mliyoyakuta na yale mnayojua yangalikuwapo lakini hayapo.

Chukueni wimbo mmoja wa harusi au wa kulima unaopendwa kijijini kwenu. Nani aliutunga? Kama hajulikani, je, mtu mmoja akienda kuurekodi na kuuita wake, mtamwambia nini?

Na vijana wa bendi ya Puge peke yao: pangeni nyimbo zenu nne kwa zamu yake, mtuandikie kwa nini mmeutanguliza ule wa kwanza. Wiki ijayo tutazungumza habari za kuhifadhi mpunga ghalani.